Pompe ya Moto Ilinyamaza, Sentinelle Njo Alifukuzwa

Mama mushauri Abigaïl, nakuandikia juu sina mutu mwingine wa kuambia, na mbele ya yote namushukuru Mungu sababu hakuna mutu alikufa, hata wa kuungua kidole. Jina langu Éliakim, niko fundi wa courant ya umeme hapa Butembo, na mwaka jana Maman Virginie alinipa kazi ya kuweka courant yote mu galerie yake, nyumba ya biashara ya étages ine, gorofa ine, kule chini banauza matelas, magodoro ya kulalia, kule juu bamama banajifunza kushona. Ingénieur wake alichora plan, ramani ya kazi, na mu ile plan pompe ya kuzimia moto ilikuwa na câble, waya yake peke yake, yenye kutoka mbele ya disjoncteur générale, ile kubwa yenye kukata courant ya nyumba nzima, na ku groupe, mashini ya kutoa courant yenye kuwaka ile ya muji ikikatika, vilevile ilikuwa na njia yake peke yake. Mais siku ya kufungua galerie ilikuwa karibu, câble ikanipungukia, nikasema mu roho courant ni courant, nikaunganisha pompe pamoja na mataa na mashini, courant ya muji na ya groupe, yote nyuma ya ile disjoncteur moja. Nikawasha, maji ikaruka, batu bakapiga makofi, na miye nikatia sahihi kama nimefuata plan.

Mwezi yenye imepita, siku ya tano, saa nane ya muchana, mutu mumoja alisahau fer ya kupigia nguo pasi juu ya kitambaa ku étage ya tatu, moto ikashika. Pompe ilianza vizuri. Kisha sentinelle, mulinzi wa galerie, Papa Sadrack, akafanya sawa vile balimufundisha: akakata disjoncteur générale, akapanda mbio kushusha bamama. Hapo hapo maji ikakauka mu tuyau, mu bomba. Groupe iliwaka, ikanguruma, mais ya bure, courant yake haikukuwa na njia ya kufika ku pompe, juu disjoncteur ilikuwa imekatwa. Bamama makumi mbili na mbili balishuka, Papa Sadrack nyuma ya bote, na bajirani balileta mabidon ya maji na mabeseni ya muchanga, bakazima moto mbele ya kufika ku matelas.

Maman Virginie akauliza: «Nani alikata courant?»

«Ni miye, Maman. Njo vile balinifundisha.»

«Basi weye njo uliua pompe! Rudi kwako!»

Miye nilisimama pale na pince, koleo yangu, mu mukono, sikufungua kinywa. Sasa Maman anataka kunipa kazi ingine ku Beni, anasema kazi yangu ni safi, na bibi yangu Joyeuse anauliza kila siku juu ya nini sili chakula. Mama, naweza kutengeneza ile câble siku ya Mungu, galerie ikiwa imefungwa, na maneno iishe? Nikisema kweli, nani atanipa tena kazi?

Éliakim.

MUSHAURI ANAJIBU

Éliakim, niliposoma kama bale bamama bote balishuka, nilipumua. Sasa kaa chini, nikukaripie.

Hapana, hautatengeneza kitu kwa siri. Unaogopa kukosa kazi? Kuna mutu alishakosa yake, na yeye hakukosea.

Nilimuuliza ingénieur Abdias wa Beni. Alisema moto ikishika, batu banapaswa kukata courant ya nyumba, juu maji na courant pamoja binaua. Donc pompe inapaswa kubaki na courant wakati nyumba yote imezimika. Inapaswa kuwa na njia yake toka ku courant ya muji, njia yake toka ku groupe, na inverseur yake ya kuhamisha toka moja mpaka ingine. Câble ipite inje, mahali moto haitaifikia. Na groupe iwe ya nguvu, sababu pompe ikianza inavuta courant mara tano, mara sita kupita wakati inatembea. Weye ulijaribu na courant ya muji tu, mataa ya nyumba yote ikiwaka. Ile haikuwa kujaribu.

Kesho asubui enda kwanza kwa Papa Sadrack, mbele ya kuenda kwa Maman Virginie. Usiseme «tulikosea». Sema «nilikosea». Kisha muende bote wawili kwa Maman, na plan mu mukono. Mutu asipande kule juu kushona mpaka kazi iishe, na sahihi itiwe na fundi mwingine, hapana weye. Na bale bote balisikia Sadrack akitukanwa basikie jina lake likisafishwa.

Abigaïl.

Mbele ya gazeti yetu kutoka, Éliakim alituandikia tena:

Mama, nilienda. Papa Sadrack alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Kumbe nilifanya vizuri? Miye kila siku naomba Mungu anisamehe, nikisema nilikuwa karibu kuua batoto ya batu.»

Nikamwambia: «Ulifanya vizuri, Papa. Ni miye.»

Akakaa ku mulango, akalia, kisha akacheka, akaita bibi yake aje asikie.

Maman Virginie alinipigia makelele saa nzima, na kazi ya Beni alimupa mwingine. Mais Papa Sadrack alirudi ku kazi, Maman akamuomba musamaha mbele ya bote. Ingénieur Abdias alikuja kuangalia câble mupya. Jana tulikata courant ya muji, kisha disjoncteur générale, galerie ikawa giza. Groupe ikawaka, pompe ikashika, maji ikaruka mpaka ku paa. Bamama ya kushona, benye balikuja kuangalia, balilowana bote, na hata mumoja hakukasirika.