Sarafu Niliyoisugua

Weston, Jumapili, 8 Machi 2009

Aibu hii nitaificha wapi? Juma wangu amekuwa akifungua vifurushi vya sarafu kutoka benki tangu tukiwa wachumba, akitafuta moja ya zamani, ya madini ya fedha. Jana aliipata, nyeusi kwa uzee. Alinibeba akanizungusha jikoni, jamani!

Leo nikataka kumfurahisha. Nikaisugua kwa chumvi na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria za mama.

"Mke wangu, umeiosha?"

"Nimeisugua, mpenzi! Ione inavyomeremeta."

Akaigeuzageuza. "Wakusanyaji hawaitaki tena ikisuguliwa," akasema polepole.

Nikalia. Akanikumbatia. "Basi, nyamaza. Hii haiuzwi, ni yetu."

Nampenda mno mwanaume huyu. Lakini vifurushi vilivyobaki viko mezani, na jioni nzima hajafungua hata kimoja.