Usiunywe Ule Unga wa Majani

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumanne, tarehe 11 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko kambini? Wajenzi wako wa barabara wanaokula kama nzige bado hawajakumaliza na jiko lako? Na ile baridi ya mifupa, imepungua? Huku wote hawajambo isipokuwa mimi. Naandika mbiombio, dereva wenu ananisubiri mlangoni.

Dada, yale makopo mawili ya unga wa majani niliyokutumia, kama hujayafungua, usiyafungue. Kama umeshaanza, acha leo hii. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, haipatikani.

Unazijua tezi zetu za shingo, urithi wa marehemu mama. Yangu ilivyozembea, nilinenepa hata kwa maji. Ndipo msusi wa jirani akaniletea ule unga. "Mwenzangu, mwezi mmoja tu utakuwa na kiuno cha nyigu. Ni majani matupu, yatakudhuru nini?" Nikacheka, nikawa naunywa juu ya kidonge changu cha tezi cha asubuhi.

Wiki ya tatu magauni yakanipwaya. Nikajiona malkia! Usingizi ulinipotea na jasho lilinitoka hata nikiwa nimekaa. Nikasema ni mafuta yanayeyuka.

Alhamisi nilikuwa natia zipu gauni la bibi harusi. Moyo ukaanza kwenda mbio kama unafukuzwa. Sindano ya cherehani ikapita kidoleni, wala sikuhisi. Shemeji yako alinikuta sakafuni nimeshika kifua, damu imetapakaa kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa akiniita, nami nikamwona mdomo tu unacheza. Nilijisemea, basi, mama, nakuja.

Hospitali walinibandika nyaya kifuani siku mbili. Daktari aliligeuza kopo langu la unga, alilolileta shemeji yako, kila upande.

"Limeandikwa majani. Majani gani?"

Nikamwambia niliambiwa ni majani tu.

"Damu yako inaonyesha kama umekuwa ukimeza vidonge vya tezi kwa kiganja. Humu kuna kitu hawakukiandika."

Nimeruhusiwa, lakini bado naogopa. Nikipanda ngazi nasimama katikati nisikilize moyo. Msusi nilimweleza, akakaa chini akalia. Naye amekuwa akiunywa.

Wewe kidonge chako cha hospitali usikiache, daktari amesisitiza. Ni huo unga tu. Moyo ukidunda ovyo au mikono ikitetemeka, panda hata lori la kokoto uende ukapimwe, na uwaonyeshe kopo.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku nilipokufungia yale makopo, mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata kamba ikanishinda kufunga, nikamwomba shemeji yako anifungie. Nilihisi kuna kitu hakiko sawa, dada. Lakini nilikuwa nimepungua, na nilitaka nawe upungue. Nikanyamaza. Ukinichukia, nichukie ukiwa mzima.

Nisalimie mpwa wangu Kijiti, na mwambie asome. Shangazi anakusalimu, yeye hajui lolote, tafadhali asijue kwanza.

Mungu akulinde na mkono wangu huu uliotaka kukusaidia. Mpe dereva jibu, hata neno moja, kabla hajawasha gari kurudi huku.

Mdogo wako akupendaye kwa hofu yote,

Kibonge