Kiapo Chako Nimekisoma

Chumba cha Mbele,
Nyumbani kwa Marehemu Baba.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Chiriku wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako. Hamjambo huko? Mtoto wa mwisho kikohozi kimemwachia? Uliponiandikia mara ya mwisho ulisema kinamkaba akilala, na tangu hapo nakifikiria kikohozi hicho kila ninapokaa kwenye cherehani. Mimi sijambo, ila goti la kulia linanisumbua asubuhi mpaka lipate moto. Miwani nimebadilisha, sasa natunga uzi bila kumwita mtu.

Nyumba ipo. Upepo ulilegeza bati la upande wa jikoni, nikalipigilia mwenyewe, na fundi aliyekuja baadaye alicheka sana akasema misumari yangu nimeipanga kama vifungo vya shati. Chumba cha mbele nimekipaka rangi nyeupe. Sare za shule zimeanza kuingia, meza ya kukatia imejaa bluu tupu. Dobi wa ng'ambo ya barabara bado ananipigia pasi kola, maana anasema mimi naziunguza. Nimeanza na haya makusudi, kwa kuwa nikianza na yale mengine sitapata moyo wa kurudi huku.

Mdogo wangu, kiapo chako nimekisoma.

Karani wa wakili wangu alinipa bahasha ya nakala, nikaketi nayo kwenye benchi la korido, nikaifungua. Juu kulikuwa na maombi ya kaka yetu, Bwana Mkubwa. Hayo hayakunishtua. Unajua amenishtaki nitoke chumba cha mbele, eti baba alimwachia yeye nyumba yote, naye anataka kukivunja ajenge maduka. Sasa amemwomba jaji aimalize kesi papo hapo, bila shahidi hata mmoja kuitwa, kwa madai kwamba hakuna cha kubishania. Anasema karatasi ambayo kwayo baba alinipa chumba hiki ni ya kughushi, na hakuna aliyeiona ikiandikwa. Nikafunua ukurasa wa mwisho, nikakukuta wewe.

Umeandika: "Siku hiyo sikuwepo nyumbani, na karatasi hiyo sijapata kuiona." Chini yake sahihi yako, na ile herufi ya kwanza yenye mkia uliokunjwa kwa ndani, mkia niliokufundisha mimi ulipokuwa darasa la pili, nikikushika mkono. Mwanzoni nilidhani wameighushi. Kwa dakika nzima nilikuwa na furaha, Chiriku, nikiamini kwamba wamekuonea hata wewe. Kisha nikauona muhuri wa wakili wa huko mliko aliyekuapisha, na namba ya kitambulisho chako, nikajua ni wewe.

Sitazunguka. Umeniumiza kuliko kaka. Bwana Mkubwa namjua tangu utoto, alikuwa anakula nyama ya sahani yake huku anaangalia ya kwako. Kwake nilishajikinga miaka mingi. Kwako sikuwahi kufikiria kujikinga, maana nani anafunga mlango kwa sababu ya mdogo wake aliyembeba mgongoni?

Miezi minne iliyopita nilikupigia simu kukuuliza kama unaikumbuka siku ile baba alipoandika karatasi. Ulicheka. Ukasema, "Dada, nitasahauje? Si mimi niliyemfuta baba kidole gumba?" Nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nipate barua ya mahakama. Miezi miwili baadaye nikasikia shemeji amepata kazi ya kusimamia ghala la Bwana Mkubwa huko huko. Niliwafurahia. Niliwatumia hata kitambaa cha suti, mkikumbuka. Sasa najiuliza kama alikivaa siku ile ulipokwenda kuapa.

Najua maisha ya huko ni magumu na shemeji alikaa muda mrefu bila kazi. Ungenipigia ukaniambia, dada, kaka ametubana, sitaweza kukusimamia. Ningelia, lakini ningekuelewa. Ungeweza hata kunyamaza. Kunyamaza ningekuvumilia. Ulichofanya ni kuinua mkono na kujitoa jikoni ambamo nilikuona kwa macho yangu.

Mahakamani nako nusura nijimalize mwenyewe kwa ujinga wangu. Nilikuwa na siku ishirini na moja za kujibu. Unanijua, tangu nianze kushona sijawahi kumwambia mteja nguo imempendeza. Naona ni kujipigia debe. Naacha wenzake waseme. Basi na kesi nikaiendesha hivyo hivyo. Niliamini kwamba neno la mwenye kesi halihesabiwi, kwamba nikijisemea mwenyewe jaji ataniona domo tu. Nikazunguka mtaa mzima kutafuta watu wa kunisemea.

Nilipata viapo tisa. Dobi aliapa. Mama wa duka la vifungo aliapa, akavaa na kitenge kipya kwa ajili hiyo. Wateja wangu wa zamani wakaapa. Nikavipeleka kwa wakili kwenye mfuko wa plastiki, kifua mbele, nikiwa na hakika kwamba tisa dhidi ya mmoja kesi imekwisha.

Wakili wangu ni mama mfupi, mpole wa sauti, anasoma huku anamenya karanga. Alisoma kiapo cha dobi, akaniuliza huyu dobi anajuaje kwamba baba alinipa chumba. Nikamjibu kwamba kila mtu anajua. Akauliza tena, yeye mwenyewe alijuaje. Nikafikiri, nikasema nilimwambia mimi. Akachukua cha mama wa vifungo, tukafika pale pale. Vyote tisa, ukivifuata nyuma, vinarudi kwenye mdomo wangu. Aliviweka upande mmoja wa meza kwa heshima, kama mtu anavyoweka sahani za wageni waliokwisha kula, akasema hawa ni watu wema ila hawakuona kitu.

Nikamwambia basi ipo karatasi yenyewe, tuliiambatisha kwenye majibu yetu ya kwanza. Akaniambia majibu yale ni madai tu, hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Na karatasi haiwezi kusimama peke yake mbele ya jaji ikasema mimi ni ya kweli. Anatakiwa mtu aliyeiona ikiandikwa, aape kwamba ndiyo hiyo, na aseme aliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yake. Nikamwambia mtu huyo ni mdogo wangu, na amenigeuka. Nikamweleza ulivyoniambia kwenye simu, nikataka tuandike hilo. Akakataa kulijengea kesi, kwa kuwa aliyeona ni wewe, na kwa maombi haya wewe ndiye wa kuliapia, si mimi kwa niaba yako.

Nilianza kulia pale pale ofisini, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Yeye akanisogezea karanga. Kisha akaniuliza, "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa jikoni.

"Uliona nini?"

Chiriku, karibu wiki tatu nilikuwa nahangaika mtaani na jua, na hakuna hata siku moja niliyojiuliza swali hilo.

Aliniambia kiapo changu ni ushahidi kama cha mtu mwingine yeyote, mradi niseme niliyoyashuhudia na si niliyoyadhani. Akasema hatua hii jaji hapimi nani mkweli na nani mwongo. Anaangalia tu kama kuna jambo la kweli la kubishaniwa, na kama lipo, hawezi kukata kesi kabla ya watu kusikilizwa. Kaka akitaka kunishinda atanishinda baada ya mashahidi kuhojiwa, wala si kwa bahasha.

Basi nikaapa. Nimekuwekea nakala ndani ya barua hii, lakini nakuandikia pia kwa mkono wangu ili usiseme hukuiona.

Nimeapa kwamba ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kwamba baba alikaa kwenye meza ya jikoni, kiti cha upande wa dirisha, na miwani yake ya kutengenezea saa aliipandisha juu ya paji la uso. Kwamba aliandika mwenyewe, polepole, yale maandishi yake madogo ya mtu aliyezoea skrubu za saa, na alipofika kwenye sahihi mkono ukamtetemeka, akaharibu mara mbili, akakasirika. Kwamba alisema, "Leteni wino, kidole hakitetemeki." Kwamba wewe ulileta kile kidau cha wino wa muhuri kutoka kwenye droo yake ya kazi. Kwamba ulishika pembe mbili za karatasi isiteleze, baba akabonyeza, na wewe ukamfuta kidole kwa pindo la blauzi yako ya njano kwa sababu hakukuwa na kitambaa karibu. Kwamba alama haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na mimi ndiye niliyelikata pindo hilo na kuikunja blauzi upya, ikawa fupi, ukanuna siku mbili.

Wakili alinisomea kila mstari na kuniuliza, hili uliliona au uliambiwa? Mahali nilipoandika kwamba baba alitaka kunilipa kwa miaka niliyomuuguza, alikata. Akasema sikuwa ndani ya kichwa cha baba. Mahali nilipoandika kwamba kaka amekuhonga kwa kazi ya shemeji, alikata pia. Kwa hilo nilibishana naye. Akaniuliza kama niliwaona wakipatana. Sikuwaona, Chiriku. Basi sikuapa. Huku kwenye barua nayasema kwa kuwa wewe ni mdogo wangu na nina haki ya kukudhania, lakini mahakamani sikukusema kwa nisilolijua. Natamani nawe ungenitendea hivyo.

Alhamisi iliyopita jaji alisoma uamuzi. Kaka alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa koti, na tulisalimiana kwa vichwa tu kama watu waliokutana benki. Jaji hakusoma muda mrefu. Alisema upande mmoja umeapa kwamba karatasi iliandikwa mbele ya watu wawili, upande mwingine umeapa kwamba mmoja wa watu hao hakuwepo, na hawezi kuchagua kwa kusoma makaratasi. Ombi la kaka limekataliwa. Kesi itasikilizwa, na mimi nabaki chumbani mpaka hapo. Dobi alikuwa nyuma, akapiga makofi, akafukuzwa.

Nilirudi nyumbani nikakata sare kumi na mbili bila kukosea. Nilitegemea kufurahi. Lakini nilipokaa kushona vifungo nikaelewa jaji alichosema. Ile bahasha ndiyo ingekuficha. Kama ningeshindwa siku ile, ningetoka chumba hiki, kaka angevunja, na wewe usingeulizwa kitu na mtu yeyote maisha yako yote. Sasa kwa kuwa nimeshinda, utaitwa. Utasimama mbele yangu, utainua tena mkono, na utaulizwa ulikuwa wapi Jumamosi ile.

Kesi imepangwa baada ya miezi miwili. Wakili anasema mtu akigundua kiapo chake kina kosa anaweza kuapa kingine kukisahihisha, na ni afadhali akifanya hivyo mwenyewe kabla hajaulizwa. Sikulazimishi. Sikuombi uniapie mimi, wala usiseme lolote la kunisaidia ambalo hukuliona. Sema ulichokiona, basi. Na kama kaka atamfukuza shemeji kazi kwa sababu hiyo, njooni hapa. Chumba cha nyuma kina vitanda viwili, na shemeji atanikatia nguo mpaka apate kazi nyingine. Nimesema hivyo nikiwa bado nina hasira nawe, kwa hiyo ujue ni la kweli.

Nisalimie shemeji. Wanangu wote wabusu, waambie mama mkubwa wao anawashonea sare, wanitumie vipimo, hasa yule wa katikati anayerefuka. Mama wa vifungo anakusalimu, na dobi pia. Hao hawajui ulichoandika. Sijawaambia, na wakiuliza nawaambia kesi bado. Mungu awalinde huko, awape riziki isiyo na masharti ya mtu.

Jambo moja limebaki. Jana nilikwenda kwa wakili nikamwomba kwamba siku atakapokuhoji asikuite mwongo mbele za watu. Nilimwambia wewe ni mdogo wangu, nimekulea. Alifunga faili, akanitazama, akasema hawezi kuniahidi hilo, kwa kuwa kama si wewe basi ni mimi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuogopa,

Fundi wa Chumba cha Mbele