Nzi Aliyezama Bila Risasi

Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka habari za goti lako, na usinifiche. Mara ya mwisho uliandika kwamba halijambo, halafu mkazamjomba akachomeka maneno yake pembeni ya karatasi kwamba kupanda ngazi kwako sasa ni safari. Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini iangaliwe?

Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana. Kikohozi kimemwachia na sauti imerudi yote, majirani ni mashahidi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana naandika huku nacheka peke yangu. Unakumbuka tangazo la chama cha wavuvi nililokuandikia: kuanzia mwezi wa saba, risasi marufuku mtoni. Sikukuambia kwamba mama alipolisoma pale mlangoni pa chama alishika kifua, akauliza ni nani anayewapiga samaki bunduki. Ilibidi nimweleze mbele za watu kwamba ni ule waya laini wa kijivu ulioko mezani kwetu, wa kuwatia uzito nzi wa bandia tunaowafunga kwenye ndoana za kuvulia, na kwamba bata wakiumeza wanakufa. Akasema basi si wangeandika hivyo. Tangu siku hiyo mlinzi wa mto akimwona tu, anamwuliza kama vita vimekwisha.

Wewe lakini tangazo lenyewe halikukuchekesha. Ulinijibu kwamba nzi wa manyoya bila risasi ni pambo la kofia, hazami, na samaki wa chini hatapanda juu kumfuata. Ukaniambia niuze meza na jiliwa la kubania ndoana, nitafute kazi nyingine mapema. Mjomba, barua ile ilinikaa rohoni. Nimekaa kwenye meza hiyo miaka kumi na mmoja. Kazi nyingine siijui na, nikisema kweli, sitaki kuijua. Na chama kilikuwa kimenipa mpaka Jumamosi ya jana: nilete nzi anayezama, la sivyo watachukua wa kiwandani.

Nilikwenda kwa yule fundi wa kusuka mota hapo mtaani, anayechomeka penseli kila sikio. Akanipa waya wa shaba wa feni iliyoungua. Nikauviringisha kwenye ndoana kama ulivyonifundisha kuviringisha risasi, kutoka mkiani hadi kichwani, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko risasi, nikaongeza tabaka la pili. Nikapata nzi mnene kama kizibo. Nikamtumbukiza kwenye jagi la kioo la mama: akashuka kwa maringo, akapinduka, akalala chali. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu kiwiliwili chote kikawa kinazunguka kwenye ndoana, maana waya wa mota umepakwa rangi na unateleza. Mama akadai jagi lake.

Siku nne nilinuna, hata chai nilikuwa nakunywa nimewapa watu mgongo. Kisha Jumatano, nikiwa nakwangua rangi ya waya kwa msasa, nikaliona kosa letu. Nasema letu, Mjomba, maana na lako limo. Tulikuwa tunategemea uzito peke yake. Risasi ilitudekeza, ni nzito kiasi kwamba hata kiwiliwili kilichofungwa ovyo kilizama. Shaba haina huruma hiyo. Kinachomzuia nzi asishuke ni unene wake, na sufu tunayomvisha, inayoshika hewa.

Basi nikaacha kuviringisha. Nilikata vipande viwili vifupi vya waya, nikalaza kimoja kila upande wa ndoana, sehemu ya kifua tu. Nikavifunga kwa uzi juu ya vanishi mbichi visiteleze, kisha nikaviminya kwa koleo mpaka vikawa bapa. Mkiani nikaacha uzi mtupu, mwembamba, unaonenepa kidogo kidogo ukija mbele. Sufu nikaipunguza ikabaki ya kutia aibu. Nikamdondosha. Mjomba, alikwenda chini moja kwa moja, tumbo chini, kama aliyetumwa! Nikapiga ukelele, mama akaja mbio akidhani nimevunja jagi.

Jana mlinzi wa mto alijaza maji chupa ndefu ya kioo mbele ya wanachama wote, akadondosha nzi wako wa zamani wa risasi na wangu kwa pamoja. Wako alitangulia, sikatai, lakini kwa kufumba na kufumbua tu, tena akatua kwa pua. Wangu akatua vizuri, mgongo juu. Mlinzi akamfunga wangu kwenye uzi wake, akashuka hadi kwenye kina chini ya daraja, sote nyuma yake. Akarusha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu fimbo yake ya kuvulia ikapinda.

"Nzi huyu kampata chini kabisa, kwenye mawe," akasema, samaki akiwa bado anarukaruka mkononi. "Wa kiwandani wabaki huko huko kiwandani."

Nililia, sikufichi. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na mama akawa anawaambia watu kwamba huyu ni mwanangu, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Watachukua nzi wangu msimu mzima. Mmoja nimekutilia ndani ya bahasha, nimemchomeka kwenye kadi usije ukajidunga. Mpasue kwa wembe umtazame ndani. Ukiona kasoro niandikie, ila najua hutaiona.

Nisalimie mkazamjomba, umwambie aendelee kuandika pembeni. Binamu zangu wote wawili, mwalimu na yule wa cherehani, wape salamu zangu. Mungu akulinde, akupe hatua nyepesi na usingizi mzuri.

Limebaki moja, nimelichelewesha makusudi. Pale ukutani kwa chama, chini ya kisanduku cha nzi, kadi ya fundi ilikuwa na jina lako mpaka jana, ingawa umeondoka mwaka wa nane huu. Mlinzi aliishusha, akaigeuza, akaandika langu. Unisamehe, Mjomba. Kalamu nilimpa mimi.

Wako akupendaye daima,
Mpwa wako, fundi.