Nitasema Ulikuwa Unalala Wapi

Okumu, ndugu yangu,

Kesho asubuhi afisa wa probesheni, yule anayeichunguzia mahakama habari za washtakiwa, anarudi hapa mtaani Lindi. Safari hii anakuja kwa ajili ya Odera, mdogo wako, na mzee wa mtaa atakayeulizwa ni mimi, kama nilivyoulizwa habari zako. Utanisamehe mwandiko, nimefuta na kuandika upya. Ungekuwepo ungenicheka, ukisema: "Mwalimu, wewe hata salamu unaisahihisha."

Kesi yenu haijaisha. Jaji wa kwanza alihamishwa, wa pili akaanza upya, na daktari aliyepasua maiti ya yule kijana aliyeuawa penye bomba la maji ameitwa tena na tena, hajafika. Odera anakohoa damu humo rumande. Wakili wake ameomba dhamana. Upande wa mashtaka umejibu vile vile ulivyokujibu wewe: hili ni shtaka la mauaji, ugonjwa peke yake hautoshi, gereza lina zahanati. Zahanati iliyokupa vidonge vya maumivu mpaka figo zikakataa.

Sasa nisikilize. Jaji hakukunyima dhamana kwa uzito wa shtaka. Alitaka kujua jambo moja tu: ukiachiliwa, utapatikana wapi? Afisa akaja kwangu. Nje, kwenye benchi la mama wa chai, walikuwa wamekaa kaka zake yule kijana, na kuta zangu unazijua, ni mabati, kila neno linapita. Akaniuliza unaishi wapi. Nikasema, "Analala huku na kule."

Haukuwa uongo. Hilo ndilo linalonitesa. Nusu ya wiki ulilala hapa kwa Achieng, mkeo, na nusu Kawangware, jiji hili hili, kwa mama yako asiyeona, umpikie uji, umwoshe miguu. Nilijua. Nilikusindikiza mara moja, tukapanda ile ngazi ya mbao, mama akanipapasa uso akasema nimekonda. Sentensi moja zaidi ingetosha. Niliimeza kwa woga. Mahakamani ikasomwa kwamba huna makao maalumu, unaweza kutoroka. Ulinitazama kutoka kizimbani kama mtu anayengoja mwenzake amalizie kusema.

Sikumalizia. Ukafa ukingoja tarehe nyingine.

Mama yuko. Achieng alihamia kwake. Mlango ukigongwa, bado anauliza kama ni wewe. Mimi nilifika chini ya ngazi mwaka jana, nikageuka.

Jana kaka mkubwa wa yule kijana aliniletea maziwa. Akauliza hali ya moyo wangu, maana mtaa mzima unajua daktari ameniambia nipange mambo yangu mapema. Alipofika mlangoni akasema taratibu, "Mwalimu, tunakuheshimu. Kesho usituchome kwa ajili ya Odera." Simlaumu. Amemzika mdogo wake, na mpaka leo hakuna jaji aliyemwambia nani alimuua. Lakini Odera akifia rumande, bado hataambiwa.

Naogopa, Okumu. Nilikuwa naogopa wakati ule nikiwa na nguvu, sembuse sasa, ninapoishikilia meza ili nisimame.

Afisa akija sitamkaribisha ndani. Nitaweka viti viwili nje, kando ya lile benchi, kaka zake yule kijana wasikie bila kutega masikio. Nitasema ulikuwa unalala wapi, na kwa nini. Nitasema pia kwamba nilijua na nikanyamaza. Akiuliza Odera atapatikana wapi, nitasema Kawangware kwa mama yake, mbali na mashahidi wa hapa mtaani, na kama jaji anataka kusikia hayo kutoka kinywani mwangu, wanibebe wanifikishe mbele yake.

Ninachoomba ni kuamka tu.

Nikimaliza hapo, nitakwenda Kawangware. Nitaipanda ile ngazi hata kwa kushikwa mkono, nigonge. Mama akiuliza kama ni wewe, nitamwambia ni mimi, kisha nimwambie yote.

Pumzika, ndugu yangu. Usinitazame tena vile.

Mwalimu