Siku Macho Yako Yalipoandika

Kwako Baba,

Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike kijijini Qurus, na bado nashangaa. Kila aina ya simu na kompyuta imeshafika hapa Karatu, lakini hakuna kilichoniacha mdomo wazi kama ile miwani.

Ulikuwa na miezi minane kitandani. Kiharusi kilikuwa kimekunyang'anya mikono, miguu na sauti, wewe dereva uliyezungusha wageni Ngorongoro miaka ishirini. Yalibaki macho tu. Mama alikuogesha, akakuombea sala ndefu kwa sauti kila asubuhi, na swali lake lilikuwa moja: "Hivi baba yenu ananisikia, au naongea na ukuta?" Baba mdogo alishajijibu. "Shemeji, kaka keshaondoka. Hapo umebaki mwili."

Ndipo akaja yule profesa, mgeni wako wa zamani uliyemwonyesha faru. Alileta miwani nzito yenye nyaya. Kamera ndogo ilichungulia jicho lako, na mbele yake palikuwa na kioo kidogo chenye herufi. Ukiyatuliza macho kwenye herufi moja, inaandikwa kwenye kompyuta. Jicho liandike!

Halikuandika kitu. Macho yako yalikimbia kushoto, kulia, juu, chini, yasitue popote. Siku mbili nzima, baba. Profesa akaanza kukunja nyaya zake. "Pole sana, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nafikiri yeye haelewi." Mama akatoka nje.

Nilibaki nikikutazama, na ghafla nikakumbuka likizo moja uliyonipakia kwenye Landrover tukashuka kreta kutafuta wanyama. Ulinikemea: "Usikodolee macho sehemu moja wewe! Pitisha macho kwenye nyasi, usiyasimamishe mpaka uone sikio la mnyama." Kumbe ulikuwa kazini! Ulikuwa unazipekua zile herufi kama majani, ukisubiri mojawapo ijitingishe.

Nikakuinamia. "Baba, hapa hakuna kilichojificha. Umeshampata. Simamisha gari."

Macho yakasimama. S. Nikapiga ukelele mama arudi. A. L. A. Ilichukua karibu nusu saa, herufi kwa herufi, mpaka ikatimia: SALA FUPI MAMA NEEMA.

Mama alicheka mpaka akakaa chini, akalia, akacheka tena. "Alikuwa ananisikia mzee huyu! Muda wote!"

Mimi kicheko kilinikauka. Kama uliisikia sala, basi uliyasikia na ya kwangu. Mwezi mmoja kabla nilisimama mlangoni pako nikamwambia mama, "Afadhali Mungu amchukue tu, apumzike." Nilisema waziwazi, kana kwamba chumba kilikuwa kitupu. Nikapiga magoti, baba, sikuwa na pa kujificha. "Siku ile ulinisikia?"

HATA MIMI NILITAKA, uliandika.

Nikafunika uso kwa blanketi lako. Sikutaka kuona zaidi. Profesa akanigusa bega, akanionyesha kompyuta, maana macho yako yalikuwa bado yanaandika.

SASA BADO SITAKI.

Pumzika, baba.

Ni mimi Neema, binti yako wa kwanza.