Spika za Kumfaa Omogaka

Tata,

Nakuandikia, baba yangu, kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukizungumza katika duka lako la kutengeneza redio, mimi na wewe, hapo Suneka. Ekegusii kilikuwa cha nyumbani, na leo sitaki mambo ya nyumbani yanilainishe. Nimelipiza. Afadhali usikie kwangu kabla Mama hajakunung'unikia akipalilia maua ya kaburi lako.

Wewe hukuona yaliyotokea siku tuliyokuzika. Nilikuwa nimemtoa nje Omogaka, yaani Mzee, kama ulivyoiita ile risiva yako kuukuu, redio na amplifaya ndani ya sanduku moja la mbao, uliyopewa na meneja wa shamba la chai la Nyansiongo alipohama. Nyuma yake nikaunga deki ya kaseti, na ndani nikaweka kanda yenu, wewe na mdogo wako Ombati mkiimba, wewe sauti ya nne, ile nzito, yeye ya tatu. Taa ya kijani ikawaka kando ya jeneza. Hujaimba hata mstari mmoja, baba mdogo Ombati akaja akang'oa waya. Alikuwa ameleta mashine zake za muziki za kukodisha, zile za harusi, na alitaka zisikike hizo tu. Akashika maikrofoni akasema, "Hapa hatuziki redio."

Watu wakacheka. Tata, walicheka na wewe umelala pale. Naye alipoona wamecheka akaongeza, ati ulimaliza maisha yako ukifufua vitu vilivyokufa, na sasa umemwachia binti yako ugonjwa huohuo. Mama alijifunika uso kwa leso. Mimi nilibaki nimeshika ule waya mkononi mpaka walipoanza kurudishia udongo.

Halafu wazee walipoketi kugawa vitu vyako, Ombati alikuwa wa kwanza kuchagua. Akachagua yale maboksi yako mawili ya spika, kwa sababu ni makubwa. Wewe wamjua, kwake kitu kikubwa ndicho kitu. Naye Omogaka, Ombati akamwita bati lenye taa, akasema msichana abaki nalo. Nilikumbuka ulivyonifundisha hata kabla hujaniruhusu kushika chuma cha kulehemu, kwamba maboksi yale yalizoea nguvu ndogo, wati ishirini za Omogaka, polepole. Nilijua Ombati atayaunga kwenye ile mashine yake inayotikisa mabati ya kanisa. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Nilimfungulia lango, nikamsaidia kuyapakia.

Yaliungua huko Manga, harusini, bibi harusi akiingia. Moshi ulitoka kwanza, ndipo ukimya. Waliokuwapo wananiambia Ombati aliyapiga maboksi makofi kama mtu anayeamsha mlevi. Haki nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi ndiye niliyemshikia taa.

Lakini hicho hakikutosha. Nilitaka watu walewale waliocheka wasikie ile kanda, siku ya kumbukumbu yako, na Omogaka hakuwa na mdomo. Nikaanza kutafuta spika za bei ya mtu kama mimi. Dukani Kisii kijana mmoja alinionyesha minara miwili yenye taa za rangi, wati elfu moja zimeandikwa mbele kwa herufi za dhahabu. Nikamuuliza om ngapi, kile kipimo cha kulinganisha spika na risiva. Akanigeuzia spika nitazame rangi ya pili. Debe tupu haliachi kuvuma, Tata, nikatoka.

Nikaenda kwa Mzee Jayanti, uliyekuwa ukinunua kwake transista. Amezeeka, siku hizi mwanawe ndiye anakaa kaunta. Mzee alipoona ni mimi alisimama, akasema, "Binti ya fundi, pole sana." Kisha akataka kujua kama Omogaka bado anapumua. Nilipomweleza shida yangu alimtuma mwanawe juu ya rafu ya mwisho, akashuka na visanduku viwili vidogo vimejaa vumbi, vilivyokuwa sebuleni kwao zamani. Ombati angevitemea mate. Mimi nilivigeuza nikasoma nyuma, om nane, vyote viwili, kama anavyotaka Omogaka. Nikabonyeza koni, ile sahani ya mbele inayotikisika, kwa vidole viwili kama ulivyonionyesha, nikatega sikio kama kuna kitu kinakwaruza ndani. Hakuna. Koni za karatasi, nyepesi, zisizongoja kusukumwa mara mbili. Ulikuwa ukisema risiva dhaifu haitaki spika yenye nguvu, inataka spika isiyo mvivu.

Ukingo wa sifongo ulikuwa umeoza, ukibomoka kama keki, ndiyo maana Mzee alinipa karibu bure. Nilikata mpya kutoka kwa kitambaa cha ndani cha mkoba wa Mama wa siku ya Sabato, nikakipaka gundi ya mpira. Mama aliuliza mkoba wake umepatwa na nini, nikasema panya. Nisamehe hilo. Mwisho nikagusisha betri ya tochi kwenye nyaya, nione koni zote mbili zinaruka kuja mbele. Moja iliruka nyuma. Nikageuza nyaya zake, na nilipomwasha Omogaka, sauti zenu zikasimama chumbani, yako palepale ulipokuwa ukikaa. Nililia, ndiyo. Halafu nikaosha uso nikapanga kazi yangu.

Wakumbuka mlivyorekodi kanda ile? Ulikuwa na maikrofoni mbili na hukutaka sauti zichanganyike. Wewe ukasimama sebuleni, Ombati ukamweka jikoni, mlango ukauacha wazi kidogo tu mpate kusikiana. Kwa hiyo wewe uko spika ya kushoto, na yeye yuko ya kulia, pamoja na yule jogoo anayewika ubeti wa pili.

Siku ya kumbukumbu Ombati alikuja na koti jipya, akakaa mbele. Safari hii hakuna aliyemkodi. Nikawasha. Visanduku vile vidogo vilijaza boma lote bila kupiga kelele, wamama wakaacha kumenya ndizi. Na unajua alifanya nini? Badala ya kuona haya, alianza kujipiga kifua, akiwaambia majirani, huyo ni mimi, sikieni hiyo sauti ya tatu. Watu wakampongeza yeye! Kwenye kumbukumbu yako!

Ubeti wa pili ulipoanza nilishika kitufe cha balansi, kinachogawa sauti kushoto na kulia, nikakizungusha kushoto mpaka mwisho. Akatoweka. Hata jogoo akanyamaza. Ukabaki wewe peke yako, na watu wakageuka kumtazama. Alijaribu kujaziliza kwa mdomo, lakini sauti aliyokuwa nayo zamani hanayo tena, ikakatika kooni. Akaniuliza mbele ya wote, "Kerubo, mimi niko wapi?"

Nikamjibu, "Uko jikoni, baba mdogo. Nimefunga mlango."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinama akaninong'oneza nimrudishe. Sikumrudisha. Ombati alichukua kofia yake akaondoka kabla ya chakula, akapita kwenye migomba badala ya langoni. Nilikuwa nimengoja kumwona akitembea hivyo tangu siku ya jeneza, na sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Kuna jambo moja tu. Jana nilifunga duka mapema nikakusikiliza peke yangu, kitufe kikiwa bado kushoto. Spika nzuri hazifichi kitu, Tata. Mwisho wa ubeti wa pili, pale Ombati anapotakiwa kuingia peke yake, unanyamaza na kuvuta pumzi. Unamngoja. Sikuwahi kuisikia pumzi hiyo, yale maboksi makubwa yalikuwa yakiimeza. Nilirudisha kanda nikaisikiliza tena na tena, na kila mara unamngoja vilevile, na haji.

Sijamsamehe. Usinisukume. Maboksi yaliyoungua ameyaleta kupitia kwa mkewe, yako hapa mlangoni, na sijayagusa. Lakini nakuahidi hivi. Siku atakayosimama mbele ya walewale aliowachekesha, aseme alikosea kung'oa waya ule, nitakirudisha kitufe katikati kwa mkono wangu mwenyewe, palepale, na nitayatengeneza maboksi yake bure. Siyo kabla.

Lala salama, Tata. Endelea kushikilia hiyo pumzi. Mimi pia namngoja.

Binti yako na fundi wako,
Kerubo